Mtihani wa Bi Nadine na Msimamizi Wake

Mwalimu wa mwisho wa hesabu kuonekana katika sekondari ya Delby, Nebraska, aliitwa Bwana Ostdiek, naye alistaafu akahamia Arizona kufuata jua. Shule ikatangaza nafasi yake mwaka wa kwanza, ikatangaza tena mwaka wa pili, na miaka yote hiyo aliyejitokeza alikuwa kijana mmoja tu, ambaye alifika, akautazama mji kwa dakika kumi, akawasha gari lake akaondoka. Basi shule ikanunua somo la aljebra ya juu kwenye mtandao, pamoja na mwalimu wake ndani, mama mmoja mwenye miwani myekundu asiyechoka, asiyekasirika, na asiyejua jina la mwanafunzi hata mmoja.

Sheria ya jimbo ilidai kitu kimoja tu: awepo mtu mzima chumbani. Mtu mzima pekee ambaye saa saba na nusu mchana hakuwa na kazi mkononi alikuwa mpishi. Ndivyo Nadine Hruska, aliyekuwa amekwisha kulisha watoto mia moja na ishirini, alivyoanza kuvua aproni kila siku baada ya chakula na kwenda kuketi mbele ya darasa, mara nyingi akiwa amesahau kuvua kofia yake ya wavu. Saa zake za usimamizi zikijumlishwa na za jikoni alihesabiwa mwajiriwa kamili, na mwajiriwa kamili ana bima ya afya. Mumewe Virgil, ambaye moyo wake unakumbushwa kupiga na kidude cha betri kilichopachikwa chini ya ngozi, aliipenda bima hiyo kuliko alivyowahi kulipenda trekta lolote.

Kitabu cha msimamizi kilikuwa na kurasa arobaini, na ukurasa wa kwanza ulisema kwa herufi nene kwamba msimamizi haruhusiwi kueleza hesabu. Kazi yake ni kuona wanafunzi wako macho na simu zimezimwa, na siku ya mtihani kufunika kila kilichoandikwa ukutani. Akiulizwa habari za x, ajibu, "Muulize mwalimu wako."

"Bi Nadine, hii logi ni mdudu gani?" aliuliza siku moja Kelsie Bartek, binti mwenye mdomo usiopumzika.

"Muulize mwalimu wako."

"Nimemwandikia tangu juzi. Kanijibu kwamba swali langu ni la thamani sana kwake."

"Basi mshukuru."

"Lakini wewe unajua! Tunaona midomo yako inavyotembea akiwa anafundisha."

"Midomo yangu inatafuna pipi. Geuka mbele."

Ukweli ni kwamba Kelsie hakukosea. Miaka mitano Nadine alikuwa amemsikiliza yule mama wa miwani myekundu akirudia masomo yaleyale, na mtu akisikia kitu mara tano, hata kama hakitaki, kitaingia. Wanafunzi wenyewe walipiga picha maswali kwa simu walizodai wamezizima, simu ikawapa majibu, wakayanakili, na kompyuta ikawapigia makofi kwa kazi nzuri. Kwa hiyo katika chumba chote aliyekuwa anajifunza aljebra alikuwa mmoja, na huyo ndiye aliyepigwa marufuku kuitamka.

Septemba ikaja barua ya jimbo. Kila mtu asiye mwalimu lakini anayekaa darasani alete nakala ya cheti chake cha sekondari kabla ya Krismasi. Mkuu wa shule, Bwana Lindgren, mtu mpole anayependa karatasi kama wengine wanavyopenda samaki wa mtoni, na ambaye mlango wa ofisi yake ulijaa matangazo ya kazi ya miaka iliyopita, alizigawa barua hizo kwa mkono wake.

"Kajambo kadogo tu, Nadine. Niletee siku yoyote."

"Siku yoyote, Mkuu," alijibu Nadine, akaitia barua mfukoni mwa aproni, akaenda kukoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

Cheti hakuwa nacho. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na saba, imebaki miezi mitatu amalize, tumbo limeshatokeza, na somo moja tu ndilo lililomdai: aljebra hiyohiyo. Virgil alijua, maana tumbo lile lilikuwa kazi yake pia. Mtoto akazaliwa, akakua, akahamia Omaha, na jambo la cheti likalala. Miaka mitano nyuma, fomu ya usimamizi ilipomuuliza kama alimaliza sekondari, Nadine aliweka alama penye ndiyo, kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi na Bwana Lindgren alikuwa amesimama pale na funguo za darasa. Hakuna aliyechunguza. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na sasa kifo kilikuwa kimepangiwa tarehe.

Ikawa bahati, kama bahati ndilo jina lake, kwamba shule ileile ya mtandaoni ilikuwa na mlango wa watu wazima walioachia njiani. Nadine akatuma rekodi zake za zamani, zenye jina la ukoo wa baba yake, na shule ikamwandikisha kwa jina hilo: Nadine Pospisil, mwanafunzi, somo moja. Akawa anasoma saa kumi na moja alfajiri jikoni, wakati unga wa mikate ya mdalasini unaumuka, maana Alhamisi ni siku ya maharage ya nyama na mikate ya mdalasini, na ukiwanyima watoto wa Nebraska mkate wa mdalasini pamoja na maharage yao utaitwa kwenye kikao cha wazazi.

"Mke wangu, umri huu unatafuta x ya nini?" aliuliza Virgil. "Tangu tukiwa shuleni haijapatikana. Iache ijitafute yenyewe."

"Natafuta bima yako."

Virgil akajigusa kifuani, penye kidude. "Basi tafuta na y. Nitapika mimi."

Alipika mayai kwa wiki kumi mfululizo. Nadine aliyala bila kulalamika. Ajabu ni kwamba alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ambayo hakumwambia mtu kwa sababu aliona haya. Milinganyo iliyomtoa machozi akiwa na miaka kumi na saba sasa ilifunguka mbele yake moja baada ya nyingine.

Oktoba lilitokea jambo ambalo halikumfurahisha. Katika mtihani wa nusu muhula alimkamata Tate Wessel, kijana mpole wa timu ya mieleka, ameandika kanuni kiganjani kwa kalamu ya bluu.

"Nilikuwa siitazami, Bi Nadine. Naapa. Nilijua tu kwamba ipo."

"Kujua kwamba ipo kunatosha," Nadine alimwambia, akaandika ripoti. Tate akapata sifuri, akakosa mieleka wiki tatu, na mama yake akaacha kumsalimia Nadine kanisani. Nadine aliumia, lakini kitabu kilikuwa wazi, na yeye alikuwa mtu wa kitabu.

Desemba zikafika barua pepe mbili kwa dakika moja kutoka shule ya mtandaoni. Ya kwanza ilimwambia mwanafunzi Pospisil kwamba atafanya mtihani wake wa mwisho Jumamosi katika kituo kilicho karibu naye, sekondari ya Delby. Ya pili ilimwambia msimamizi Hruska wa sekondari ya Delby kwamba Jumamosi atampokea mwanafunzi mmoja, Pospisil, na kwamba ahakikishe hamwachi peke yake chumbani hata dakika moja.

Nadine akapiga simu makao makuu ya shule hiyo. Akasikilizishwa muziki dakika arobaini, kisha kijana mmoja akapokea.

"Nina tatizo," Nadine alisema. "Mwanafunzi ni mimi, na msimamizi pia ni mimi."

"Jina la mwanafunzi?"

"Pospisil."

"La msimamizi?"

"Hruska."

Vidole vikabonyezabonyeza. "Nawaona wote wawili kwenye mfumo, mama. Hakuna tatizo."

"Wote wawili ni mtu mmoja, mwanangu."

Vidole vikabonyeza tena, polepole zaidi. "Ni ndugu wa damu? Maana ndugu hawaruhusiwi kusimamiana."

Nadine akafikiri, kwa sababu alitaka kujibu kwa haki. "Hapana. Si ndugu."

"Basi hakuna kifungu kinachokataza. Uwe na siku njema."

Kituo kingine kilikuwa umbali wa maili themanini na kilikwisha kujaa. Kumwomba Bwana Lindgren amsimamie ilikuwa sawa na kumwandikia ubaoni kwamba alimdanganya. Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini Delby ilikuwa na kinyozi mmoja.

Jumamosi theluji ilianguka tangu alfajiri. Nadine alifika saa mbili na nusu, akawasha joto, akapanga penseli mbili zilizochongwa, kikokotoo na karatasi nyeupe. Akajinyang'anya simu akaifungia kwenye droo ya mbele. Kisha akasimama wima akakisomea kile chumba cha viti vitupu maagizo yote, mstari kwa mstari, kama kitabu kinavyotaka, hadi penye, "Je, mwanafunzi ana swali lolote?" Akangoja kidogo. Mwanafunzi hakuwa na swali. Akaingiza neno la siri la msimamizi, akazunguka meza, akaketi upande wa pili.

Maswali yalikuwa ishirini na tano, na aliyajua. Alipofika la kumi alijikuta anatabasamu peke yake. La kumi na saba lilikuwa na logi mbili zilizojumlishwa, na akainua macho, kama mtu yeyote anavyoinua macho akitafuta kitu kichwani.

Ukutani, mbele yake kabisa, paka wa njano alikuwa ananing'inia kwenye tawi. Lilikuwa bango la Bwana Ostdiek, lililobaki baada yake, na chini ya paka, kwa herufi za kusomeka toka barabarani, ziliandikwa kanuni za logi. Kila mtihani kwa miaka mitano Nadine alilifunika bango lile kwa karatasi ya kaki kutoka jikoni. Leo alikumbuka penseli, alikumbuka kikokotoo, alikumbuka hata maji ya kunywa. Alikumbuka yote anayoyakumbuka mwanafunzi.

Akashusha macho haraka. Mkono ukaendelea kuandika: jumla ya logi mbili ni logi ya zao lake, kwa hiyo x mara x iliyopunguzwa sita ni sawa na kumi na sita. Majibu mawili, nane na hasi mbili. Hasi mbili ikatupwa, kwa sababu logi haipokei hasi, ikabaki nane. Lilikuwa sahihi na alijua ni sahihi. Asichojua ni kama alilikumbuka au alilisoma, na kadiri alivyojiuliza ndivyo alivyozidi kutojua. Maswali manane yaliyobaki aliyafanya kidevu kikiwa kifuani.

Baada ya swali la mwisho skrini ikamwomba mwanafunzi aondoke, na msimamizi aje kujaza ukurasa wake. Uliuliza swali moja: je, kulitokea ukiukaji wowote wa masharti? Ndiyo, au hapana.

Nadine akatoa simu kwenye droo akampigia mumewe.

"Umepasi?" Virgil aliuliza kabla ya salamu.

"Sikufunika ukuta. Nimemwona paka."

"Paka gani?"

Akamweleza. Upande wa pili wa simu mayai yalisikika yakikaangwa.

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Hakuna."

"Basi nani atasema?"

"Msimamizi anaapishwa hapa chini, Virgil."

"Msimamizi ni wewe, jamani!"

"Ndilo tatizo lenyewe."

"Nadine, sikiliza. Kanuni hiyo unaijua. Umenisomea mezani mpaka nami naijua, na mimi sijui hata logi ni nini. Bonyeza hapana urudi nyumbani, barabara inafungwa."

"Tate naye aliijua," Nadine alisema. "Nikamwandikia. Kakosa wiki tatu."

"Tate hana moyo wa betri nyumbani."

Neno hilo lilimchoma, na Virgil alijua limemchoma, kwa sababu akaongeza kwa sauti ya chini, "Nisamehe. Fanya unavyoona." Nadine akakaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukata. Alitaka kubonyeza hapana. Alitaka sana. Lakini mkuki ni kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na yeye kila Jumapili alikuwa akiketi viti viwili nyuma ya mama yake Tate. Akabonyeza ndiyo.

Akaandika: "Saa nne na dakika kumi mwanafunzi alitazama ukutani ambako kulikuwa na kanuni za logi. Alitazama kwa sekunde mbili hivi. Swali ni la kumi na saba. Mwanafunzi anadai kwamba kanuni aliijua, na msimamizi anaelekea kumwamini, lakini hawezi kuthibitisha. Ukuta ulipaswa kufunikwa na msimamizi. Hakuufunika." Akatia sahihi, akafuta ubao usio na kitu, akaendesha gari nyumbani.

Jumatano Bwana Lindgren akamwita ofisini. Mezani kulikuwa na barua mbili, na mkuu alizitazama kama mtu aliyeletewa chakula asichoagiza.

"Nadine, nani huyu Pospisil?"

"Barua zinasemaje?"

"Hii inampongeza. Swali moja limefutwa, amepata asilimia themanini na nane, cheti chake cha sekondari kiko njiani. Nzuri. Lakini hii ya pili ni yako." Akashusha miwani. "Wanasema kwa kuacha ukuta wazi umefungiwa kusimamia kwa miaka miwili. Siwezi kukurudisha darasani. Na bila zile saa, mwisho wa mwezi bima inakatika. Nimesoma ripoti yenyewe mara tatu. Kwa ajili ya sekunde mbili za mtu baki? Si ungenyamaza tu?"

"Si mtu baki, Mkuu. Pospisil ni mimi. Ndilo jina la baba yangu."

Bwana Lindgren akaichukua barua ya kwanza, akaichukua ya pili, akaziweka pamoja. Alikuwa mtu wa polepole lakini alifika.

"Kwa hiyo miaka mitano hukuwa na cheti."

"Sikuwa nacho."

"Na ulitia alama kwamba unacho."

"Nilitia. Nimekuwa nikiona aibu kila nikikusalimia, na nilikusalimia kila siku." Sauti ilimtoka nyembamba, na hakujaribu kuinenepesha.

Mkuu akafungua droo, akatoa faili la fomu, akapekua. Alitafuta kwa muda. "Ipo ya anayedai cheti asichonacho," alisema hatimaye, kwa huzuni ya kweli. "Lakini wewe unacho. Ya aliyedanganya kisha akaenda akaufanya uongo wake kuwa kweli, akajiripoti njiani, sina. Jimbo halikuichapa."

"Mkuu," Nadine alisema. Alikuwa ameliwaza jambo hili tangu Jumamosi, kwenye theluji. "Lile tangazo mlangoni kwako, la msaidizi wa mwalimu wa hesabu. Bado liko wazi?"

"Lile? Lina miaka minne. Hakuna aliyewahi kuliomba."

"Linataka nini?"

Bwana Lindgren hakuhitaji kusimama kulisoma, alikuwa ameliandika mwenyewe. "Cheti cha sekondari, kiwe na aljebra ya juu." Akaitazama tena barua ya kwanza. "Saa nne kwa siku, zinatosha kwa bima. Lakini Nadine, huyo si msimamizi. Huyo anatakiwa kueleza."

"Najua anachotakiwa," Nadine alisema. "Niandikie fomu."

Januari, kocha wa mieleka ndiye aliyeketi mbele ya darasa kama msimamizi, na kufikia saa nane kasoro alikuwa ameshasinzia, kidevu kifuani na kitabu cha kurasa arobaini juu ya goti. Nadine alisimama kando ya ubao, kalamu ya wino mkononi, bila aproni na bila kofia ya wavu. Wanafunzi tisa walimtazama kwa mashaka, kwa sababu mpishi akisimama wima mbele yako kwa kawaida kuna kitu kimeungua.

Kelsie akainua mkono. "Haya, Bi Nadine. Sasa huna pa kukimbilia. Logi ni mdudu gani?"

Nadine akageukia ubao. Akaeleza. Aliianza mbali, kwenye unga unaoumuka mara mbili kila saa, akauliza saa ngapi zitapita hadi uwe mara nane ya ulivyokuwa, akaandika, akachora, akarudi nyuma, akapanda tena. Alieleza kwa dakika ishirini na tano. Jasho lilimtoka. Maneno ya miaka mitano aliyoyatafuna na kuyameza yalitoka yote siku hiyo, na alipomaliza ubao ulikuwa umejaa hadi pembeni. Tate alikuwa amefumba jicho moja. Kelsie aliutazama ubao, akamtazama yeye, akautazama tena ubao.

"Bi Nadine," alisema kwa upole usio wa kawaida yake, "samahani sana, lakini sijaelewa hata kidogo."

Nadine hakukumbuka siku nyingine aliyofurahi hivyo. Akachukua kitambaa, akaufuta ubao wote mpaka ukawa mweupe.

"Vizuri," alisema. "Wapi nimekupoteza?"